Nimepewa tarehe ya kujipeleka gerezani, na wanangu hawajui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Muheza, na naishi Minnesota kwa miaka mingi sasa. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya kampuni ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, kazi yangu ikiwa kupeleka madai ya malipo Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Kuna saa zilizolipwa ambazo hakuna mhudumu aliyekanyaga nyumba ya mgonjwa. Mimi ndiye niliyeziandika, na sehemu ya pesa ilikuja kwangu. Mahakamani nilikiri. Hasara iliyoandikwa kwa jina langu ni dola 64,000 na natakiwa kuzirudisha. Jaji wa mahakama ya shirikisho alinipa miezi 18, na nikitoka nikae chini ya uangalizi miaka miwili.

Hakunifunga siku ileile. Alisema niende nyumbani, nitajulishwa gereza, halafu nijisalimishe mwenyewe. Barua imekuja: gereza la wanawake la Waseca, hukuhuku Minnesota, niwe nimefika kabla ya saa nane mchana. Imebaki wiki tano na ushee.

Binti yangu ana miaka 13, mdogo wake wa kiume ana 6. Baba yao anaendesha trela la masafa marefu, akitoka anaweza kukaa barabarani wiki mbili. Yeye anataka tuwaambie watoto, na mama yangu kule Muheza, kwamba nimepata kazi kwenye kiwanda cha samaki Alaska, mkataba wa mwaka na nusu, mahali ambapo mtandao unasumbua. Mama ana presha, Shangazi. Naogopa habari hii itamwua. Wifi yangu wa Columbus, Ohio, amejitolea kuwachukua watoto wakasome kwake hadi nitoke. Na shoga yangu mmoja, tena mtu wa dini, ameninong'oneza: "Rudi kwenu. Nani atakutafuta Tanzania kwa miezi 18?" Pasipoti yangu ilichukuliwa na mahakama, lakini anasema hati ya dharura inapatikana.

Mimi nina kadi ya kijani. Uraia sijawahi kuomba, kila mwaka nilikuwa naahirisha kwa sababu ya ada. Mume ameshakuwa raia na watoto wamezaliwa hapa. Wakili wangu aliligusia suala la uhamiaji, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa yameziba. Rafiki mwingine ananituliza kwamba wenye makosa ya makaratasi hupelekwa kambi isiyo na uzio, kama bweni la shule.

Nianzie wapi? Niwaambie nini wanangu? Nibebe nini? Mimi ni mtu wa kusuka, wa mtandio, wa swala tano, na nina kisukari cha vidonge. Huko nitaishije?

Mama Wawili, Minnesota

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimependa kwamba hukunipambia. Umeandika "mimi ndiye niliyeziandika". Maneno hayo utayahitaji mbele kidogo.

Nianze na huyo shoga, maana ushauri wake una madhara kuliko Waseca yenyewe. Kutojitokeza siku uliyopangiwa ni kosa jipya la shirikisho. Kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la aina yako, kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, nacho hutumikiwa baada ya kile cha kwanza, si kwa pamoja. Kama mumeo alitia sahihi ya dhamana, nyumba na akiba yenu vinaingia hatarini. Na kuhusu nani atakutafuta Tanzania: upo mkataba wa kurudishana wahalifu kati ya Marekani na Uingereza wa mwaka 1931, na Tanzania iliurithi. Halafu utakaa Muheza umejificha, watoto wako Minnesota, na hutawaona hata kwa saa moja ya kutembelewa. Mtu anayejipeleka mwenyewe hupunguziwa alama anapopangiwa kiwango cha ulinzi cha gereza. Faida hiyo jaji amekwisha kukupa, usiitupe.

Sasa Alaska. Namwelewa mumeo. Anataka kuwalinda watu, na wanaume wetu wengi wanadhani kulinda ni kuficha. Lakini uongo huu hautafika hata wiki ya pili, na nitakwambia ni nani atakayeufichua: simu yako mwenyewe. Kila simu inayotoka gereza la shirikisho kwa familia huanza na sauti ya mashine inayotangaza kwa Kiingereza kwamba simu hii inatoka gereza la shirikisho, na anayepokea lazima abonyeze namba kuikubali. Mwanao wa miaka 6 akiokota simu ya baba yake mezani, hiyo ndiyo sauti atakayoisikia kabla ya yako. Barua zako zitakuwa na namba yako ya ufungwa kwenye bahasha. Na idara ya magereza ina ukurasa wa wazi ambapo mtu yeyote akiandika jina lako ataona umri wako, gereza ulilopo na tarehe ya kutoka. Binti wa miaka 13 anajua kutafuta jina. Na wale akina mama wa kundi la WhatsApp la Watanzania wanajua zaidi yake.

Tena mtoto anayeambiwa mama yake ameenda kazini kwa hiari, halafu mama haji hata sikukuu, anajiuliza amekosa nini mpaka mama amchoke. Ukweli unauma, lakini haumwachii mzigo huo.

Mwambie binti peke yake kwanza, mapema, si juma la mwisho. Yeye anahitaji muda wa kukukasirikia ukiwa bado nyumbani, aweze kupiga mlango na kesho yake arudi kukuuliza tena. Hapo ndipo maneno yako yatakapofaa: "Nilijaza karatasi za uongo kazini na nikachukua pesa zisizo zangu. Nimekiri. Adhabu yake ni kukaa gerezani, na nitaitumikia." Usimwambie ulionewa. Ulishamwambia jaji vingine, na siku moja ataisoma kesi hiyo. Usimpe pia kazi ya kutunza siri. Mwambie ni nani anaweza kuzungumza naye nje ya nyumba, iwe mwalimu mshauri wa shule au mama wa rafiki yake unayemwamini.

Mdogo mwambie siku kama kumi kabla, kwa maneno machache: mama alivunja sheria, watu wazima wakivunja sheria kubwa wanaenda kukaa mahali panapoitwa gereza, baba atakuleta kunitembelea, na wewe hujafanya kosa lolote. Atauliza kama kuna vitanda. Atauliza utakula nini. Jibu hayo hayo anayouliza. Mnunulie kalenda ya ukutani, lakini usimwandikie tarehe ya kurudi nyumbani. Sababu nakuja kuisema.

Wifi yako ana moyo, mshukuru. Ila watoto wasiende Ohio. Kutoka Columbus hadi Waseca ni kutwa nzima ya gari, na mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuingia kukutembelea bila mtu mzima. Gereza la shirikisho linatakiwa kukupa angalau saa nne za kutembelewa kwa mwezi, na saa hizo zitapotea kama watoto wako mbali. Mumeo ndiye abadilishe kazi. Zipo njia za lori za kutoka asubuhi na kurudi jioni, na ndiyo, zinalipa pungufu. Kama wifi anataka kweli kusaidia, aje yeye akae miezi miwili ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu.

Baba akiwepo hahitaji karatasi yoyote kulea watoto wake. Anayehitaji ni yule atakayelala nao baba akiwa njiani. Minnesota ina hati ya kukabidhi madaraka ya mzazi kwa mtu mwingine, ya kutia sahihi mbele ya mthibitishaji, ili huyo mtu aweze kumpeleka mtoto hospitali au kusaini fomu za shule. Hati hiyo haizidi mwaka mmoja, na wewe utakaa zaidi ya hapo, kwa hiyo pangeni kabisa mwezi wa kuiandika upya. Andika pia hati ya kumpa mumeo madaraka juu ya fedha, gari na kodi zako. Kufuatilia sahihi yako ukiwa ndani ni kazi ya wiki nzima kwa jambo la dakika mbili.

Sasa nije kwenye lile ambalo masikio yako yalizibia. Ulaghai wenye hasara inayozidi dola 10,000 ni miongoni mwa makosa ambayo sheria ya uhamiaji ya Marekani inayahesabu kuwa mazito kabisa kwa mtu asiye raia. Mwenye kadi ya kijani aliye na kosa hilo anaweza kuondolewa nchini, na njia za kuomba kubaki ni chache. Maana yake ni kwamba siku ya kutoka Waseca huenda usitokee mlangoni anapokusubiri mumeo; huenda ukachukuliwa na maafisa wa uhamiaji, ICE, ukaanza kesi nyingine. Ndiyo maana nimekukataza kumwandikia mtoto tarehe ya kurudi.

Kwa hiyo kabla ya kusuka, kabla ya kupanga nguo za watoto, tafuta wakili wa uhamiaji. Yule wa jinai si lazima awe anaijua sheria hii. Nenda naye ukiwa bado unaweza kukaa ofisini kwake na kutoka. Mpelekee hukumu yote na karatasi ya makubaliano ya kukiri. Tangu mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani imesema wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Kama wako alikueleza waziwazi, basi. Kama alilipapasa tu, mwambie huyu mpya mapema, kwa sababu muda wa kulipinga hilo mahakamani ni mwaka mmoja.

Na ukiwa ndani, akija mtu na fomu ya kukubali kuondolewa nchini, usitie sahihi bila wakili, hata akikwambia itaharakisha mambo. Kuna sababu nyingine ya hilo. Kwa tabia njema unapunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo, ambazo kwako ni kama siku 81. Juu ya hapo, sheria ya First Step Act ya mwaka 2018 inampa mfungwa anayehudhuria mafunzo siku 10 kwa kila siku 30, na wengine zaidi. Lakini mwenye amri ya mwisho ya kuondolewa nchini haruhusiwi kuzitumia hizo za mafunzo. Sahihi moja inaweza kukugharimu miezi.

Habari za kambi isiyo na uzio ni za watu wenye uraia. Asiye raia kwa kawaida huandikiwa alama ya mtu anayeweza kuondolewa nchini, na alama hiyo humfungia mlango wa kambi. Waseca ni gereza la ulinzi wa chini, lakini uzio upo. Rafiki yako kapatia nusu bila kujua: palikuwa chuo, tawi la Chuo Kikuu cha Minnesota, kabla ya kugeuzwa gereza miaka ya 1990.

Maandalizi yako mwenyewe. Nenda kwa daktari wako sasa, akuchapie historia yako ya kisukari, majina ya vidonge, kipimo cha mwisho cha sukari. Vidonge vyenyewe huenda wasivipokee, karatasi ndiyo itakayokusemea kwa muuguzi siku ya kwanza. Jino linalosumbua lishughulikie nje, maana foleni ya daktari wa meno ndani ni ndefu. Miwani ya macho unaingia nayo. Pete ya ndoa unaingia nayo, ila iwe ya kawaida isiyo na jiwe. Beba kitambulisho na barua ya kukuita. Ile ripoti ndefu iliyoandikwa na afisa wa mahakama kabla ya hukumu iache kwa wakili. Mfungwa haruhusiwi kukaa nayo. Simu, mkoba na vidani vyako avirudishe mumeo.

Rasta za kuongezea zifumue. Nywele za bandia haziruhusiwi, na usingoje kuambiwa uzitoe pale mapokezi, mbele ya mtu asiyejua hata pa kuanzia. Mpate msusi siku mbili kabla, akupige twende kilioni kwa nywele zako mwenyewe, atie na mafuta ya kutosha. Kuhusu dini, wakikuuliza sema Mwislamu, iandikwe siku hiyohiyo. Kwa mtandio, chakula na mfungo wa Ramadhani utamwona mshauri wa dini wa gereza; hayo yana utaratibu wake, ila anayeyaomba ni wewe.

Kariri namba ya simu ya mumeo na ya wakili. Utashangaa ni watu wazima wangapi hawajui namba ya mtu hata mmoja. Siku utakayoingia, mumeo akutumie barua yenye namba na anwani nyingine zote.

Siku yenyewe kula asubuhi, fika saa nne au saa tano. Usifike saa nane kasoro dakika tano ukiwa unahema. Watoto waage nyumbani. Binti akitaka sana kuja, aje, lakini yeye ndiye achague. Ndani watakupiga picha, watachukua alama za vidole na mate ya vinasaba. Utapekuliwa ukiwa huna nguo, na askari wa kike atakuamuru ugeuke, uiname, ukohoe. Nakwambia waziwazi ili lisikuangushe; ni la dakika chache, wanafanyiwa wote. Nguo ulizokuja nazo zitatumwa nyumbani au kutupwa, basi vaa ambazo hutazililia. Utapimwa kifua kikuu, utaulizwa maswali ya afya na ya usalama wako. Huenda zikapita siku kadhaa kabla namba zako za simu hazijaingizwa kwenye mfumo. Mwambie mumeo kimya hicho si msiba. Simu zikianza, kila moja hukatika yenyewe ikifika dakika 15, nayo inarekodiwa, hata mkiongea Kisambaa. Habari za kesi ziache. Saa kumi jioni kila siku wafungwa wote husimama wahesabiwe, kwa hiyo watoto wasisubiri simu wakitoka shule; pangeni jioni.

Fedha hutumwa kwa Western Union, MoneyGram au hundi ya posta, kwa jina lako kamili na namba yako ya tarakimu nane, baada ya wewe kuwa umefika. Zinakutosha kwa simu, sabuni, viatu na vitu vidogo vya duka la ndani. Najua Watanzania wa Minnesota: wakishajua, watachanga. Michango hiyo isimiminwe kwenye akaunti yako ya gereza. Unadaiwa fidia, na sheria inasema mfungwa akipata fedha nyingi kutoka popote lazima zielekezwe kwenye deni. Huko ndani utapangiwa pia malipo ya kila robo mwaka, kwa kawaida kuanzia dola 25, na watakaoangalia kiasi gani uongezewe wataangalia akaunti hiyo. Michango ikae kwa mumeo. Ilipe wakili wa uhamiaji kwanza, kodi ya nyumba ya pili.

Amebaki mama. Usimwambie kwa simu akiwa peke yake, na usimwachie asikie kwa jirani mwenye mtoto Minneapolis. Mtafute ndugu yako mmoja aliye karibu naye aende mapema. Saa nne usiku kwako, majira haya ya joto, Muheza ni saa kumi na mbili asubuhi. Ahakikishe mama amekunywa vidonge vya presha na amekula, akae naye, ndipo akupe simu, nawe ndiye useme. Atalia. Atakuuliza utatoka lini, mwambie. Mwambie na hilo la uhamiaji usimfiche, kwamba huenda ukimaliza ukarudishwa nyumbani kwao. Usishangae kama hapo ndipo atakaponyamaza, akuulize chumba chako akipake rangi au akiache kama kilivyo.